Safari ya gofu Malindi kabla ya msimu: mizunguko michache, mazoezi mengi

MwanaShella (mwanzilishi wa uzi)

Assalamu alaykum wanabarza, na hamjambo nyote.

Mwaka ukianza tu, kundi letu la gofu huingiwa na hamu. Wengine wako Nairobi, wengine Mombasa, wachache tuko hapa hapa Malindi. Tuna mashindano yetu ya marafiki ambayo huzunguka viwanja tofauti hadi Desemba, na kabla hayajafunguliwa tunakutana Malindi, Alhamisi jioni mpaka Jumapili. Safari hii kazi ya kupanga nimekabidhiwa mimi. Wamejiunga watu wapya, na maswali yanayoingia kwenye simu yangu ni yale yale, ndiyo maana nayaleta hapa kwa urefu ili na makundi mengine yafaidike.

Niseme msimamo wangu mapema. Safari ya kabla ya msimu isipangwe kwa kuhesabu mizunguko ya mashimo 18. Nimeona makundi yakija hapa na ratiba ya mizunguko miwili kwa siku, jua la saa saba liko utosini, na watu hawajashika fimbo tangu Novemba. Siku ya pili viganja vimetoka malengelenge na kiuno kimekaza. Mtu aliyekuja na kosa la kuinua kichwa kabla ya kuupiga mpira amelirudia kosa hilo kutwa nzima. Anarudi kwao amechoka, na kosa lake limekomaa kuliko alivyokuja nalo.

Tazameni hesabu ya uwanja wenyewe. Uwanja wa pa 72, yaani unaotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju 72, umepimwa kwa kudhani kwamba mchezaji atausukuma mpira mara mbili kwenye kila grini, ile nyasi fupi inayozunguka shimo. Mashimo 18 mara mbili ni mikwaju 36, yaani nusu ya hesabu yote iko pale kwenye nyasi fupi. Dreva, fimbo ya kupigia mbali zaidi, kwa kawaida hutoka mfukoni mara 14 hivi, kwenye mashimo marefu tu. Lakini nendeni uwanja wowote wa mazoezi mkaangalie watu wanafanya nini: kila mmoja ana dreva mkononi.

Pendekezo langu ni hili. Ijumaa tucheze mashimo 9 tu, alfajiri. Januari huku jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu, na saa hiyo bado upepo wa umande unavuma kidogo kutoka bara, hewa ni laini. Ikifika saa nne, upepo wa kaskazi umeshaamka na unaongezewa nguvu na upepo wa baharini, na kuanzia hapo mpira hauendi unakotaka wewe. Tukimaliza mashimo tisa tunakunywa chai, waliopo wa sala ya Ijumaa wanakwenda kuoga na kuvaa, na hakuna anayehimizwa. Saa kumi alasiri tunarudi uwanjani, lakini hatuendi kucheza. Tunakaa kando ya grini mpaka jua litue: mipira mifupi ya kuinua, bunka (mitego ya mchanga), na kusukuma. Kila mtu na kedi wake, yaani mbebaji wa fimbo zake.

Jumamosi ni mzunguko mmoja kamili. Jumapili asubuhi tunacheza wawili wawili, jozi dhidi ya jozi, kisha watu wanashika safari zao.

Karibuni mchangie. Najua wapo watakaopinga.

---

MtuWaNgong

Kaka MwanaShella, salaam. Mimi ni mmoja wa hao wapya, na nitapinga kwa heshima zote.

Nalipa nauli kutoka Nairobi, nalipa chumba, naomba ruhusa kazini, halafu nikifika Pwani niambiwe nikasukume mipira kwenye grini jioni nzima? Kusukuma naweza kufanya hata kwenye zulia la sebuleni. Ninachokosa huku ni muda wa kucheza. Wikendi zangu zinaliwa na harusi, matanga na foleni ya magari. Safari ndiyo nafasi yangu ya kucheza mpaka nitosheke.

Pia nina swali. Mwaka jana nilicheza Pwani na kila mpira wangu ulikuwa mfupi. Chuma namba 7, fimbo ya umbali wa kati, ambacho Nairobi kinanifikisha vizuri, huko kiliniacha mbele ya grini shimo baada ya shimo. Ni mimi au ni uwanja?

---

MwanaShella

Nianze na swali lako, kwa sababu linawahusu wote wanaoteremka kutoka bara.

Si wewe. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, haiuzuii mpira sana, kwa hivyo mpira unakwenda mbali zaidi. Sisi hapa tuko kwenye usawa wa bahari wenyewe. Wachezaji wanaosafiri kati ya sehemu za kimo hicho hukadiria tofauti ya karibu sehemu moja ya kumi. Kwa hivyo ikiwa chuma namba 7 chako kinakwenda mita 150 huko Ngong, hapa tegemea 135, labda 140. Joto linakusaidia kidogo, maana hewa ya joto ni nyepesi kuliko ya baridi, lakini halifidii kimo chote hicho. Ukiongeza upepo wa kaskazi unaokuja usoni, huo mpira unaweza kuhitaji chuma namba 5, ambacho hupiga mbali zaidi, na bado usipite shimo.

Tatizo la watu wa bara ni kwamba wanajua umbali huu kichwani lakini mikono yao haiamini. Mtu anatoa fimbo ndefu zaidi, halafu anapopiga anapunguza nguvu katikati kwa kuogopa kupitiliza. Au anabaki na fimbo yake ya Nairobi na kupiga kwa nguvu zote. Hapo ndipo upepo unapomkamata, kwa sababu mpira uliopigwa kwa nguvu huzunguka zaidi, hupanda zaidi, na ukishapanda dhidi ya upepo unasimama na kuanguka. Wazee wa Pwani wanafundisha kinyume chake: chukua fimbo ndefu zaidi, shika chini kidogo, weka mpira nyuma kidogo kati ya miguu, piga taratibu na umalize mkono ukiwa chini. Mpira unakwenda chini chini na upepo hauupati.

Hilo halijifunzwi kwa mzunguko mmoja wa mbio. Linataka usimame mahali pamoja upige mipira kadhaa huku mtu anayejua akikutazama. Kwa hivyo swali lako lenyewe linaunga mkono ratiba yangu, ndugu yangu.

Kuhusu zulia la sebuleni, zulia halina mteremko wala ulalo wa nyasi. Lakini hapo nitamwachia anayejua zaidi yangu. Mwelekezi uko wapi?

---

Mwelekezi

Nipo. Nimewasoma tangu asubuhi.

Kwa wasionijua, mimi nilibeba fimbo za watu kwenye viwanja vya Pwani tangu ujana wangu mpaka magoti yaliponiambia basi. Siku hizi nafundisha vijana wanaoanza ukedi. Ninayo ya kusema kuhusu safari hizi za makundi, na nitayasema kama mtu aliyekuwa upande ule mwingine wa mfuko.

Makundi mengi yakifika, kedi anachukuliwa kuwa mchukuzi. Anaambiwa "shika hii", anaambiwa "leta maji", na mpira ukipotea anatazamwa yeye. Hakuna anayemuuliza kitu mpaka shimo la mwisho, wakati wa kutafuta mtu wa kumlaumu. Na yeye ameutembea uwanja ule kila siku, kiangazi na masika. Anajua Januari ardhi imekauka, mpira ukitua unadunda na kukimbia mbele, kwa hivyo mara nyingi inafaa uutue kabla ya grini na kuuacha uingie wenyewe. Anajua nyasi zimelalia upande gani. Nyasi hizi za Pwani ni nene na zina ulalo. Ukisukuma kwa kufuata ulalo mpira unateleza, ukisukuma kinyume chake unakufa njiani, na ukisukuma kwa kuukata unavutwa pembeni hata pale jicho lako linapoona tambarare. Njia moja ya kuujua ni kutazama rangi: nyasi zikikung'aria, zimelala kuelekea unakokwenda, zikionekana za giza, zimekuelekea wewe. Tazama pia ukingo wa shimo. Upande ambao nyasi zimechakaa na kukatika ndio upande zinakolalia.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wachezaji wengi hawalifikirii. Kwa mujibu wa sheria za gofu, kwenye mashindano huruhusiwi kumwomba ushauri mshindani wako. Ukimuuliza "umepiga na fimbo gani?" umeshajitia adhabu. Mtu unayeruhusiwa kumuuliza ni kedi wako, au mwenzako wa jozi na kedi wake. Basi. Kama msimu mzima sheria inakupa mtu mmoja wa kuzungumza naye pale uwanjani, mbona usianze mwaka kwa kujifunza namna ya kuzungumza naye?

Ninalowafundisha vijana wangu ni hili: mgeni akija, usimwambie kitu mpaka umtazame akipiga mipira kama kumi hivi. Ujue anakosea kwenda kulia au kushoto, ujue fimbo zake zinafika wapi hapa, si zinafika wapi kwao. Baada ya hapo ndipo useme. Na ninyi wachezaji mpeni nafasi hiyo. Jioni ya Ijumaa kando ya grini, kama alivyoandika MwanaShella, ndiyo nafasi yenyewe. Mkianza moja kwa moja kwa mzunguko wa mashimo 18, kedi anakuwa anakimbiza mipira rafuni, kwenye nyasi ndefu, na hana muda wa kukutazama.

Kumbusheni pia wale wa zamani: tangu mabadiliko ya sheria ya 2019, kedi haruhusiwi kusimama nyuma yako kwenye mstari wa mpira wakati umeanza kujipanga kupiga. Nimeona mtu amezoea kupangwa mwili na kedi wake mpaka dakika ya mwisho, na siku ya mashindano akaadhibiwa. Mjizoeze mapema kujipanga wenyewe.

La malipo nitalisema waziwazi kwa sababu vijana wenyewe wanaona haya. Elewaneni kabla ya mpira wa kwanza. Kuna ada inayowekwa na klabu, hiyo ni haki yake. Bahashishi ni juu yenu, lakini mkiwa kundi wekeni kiwango kimoja kwa wote. Hali ya kedi mmoja kuondoka na noti kubwa na mwenzake, aliyefanya kazi ile ile, kuondoka na asante inaleta chuki kati ya vijana, na wageni hawaioni kwa sababu wameshapanda gari. Na jioni ya mazoezi ilipwe kama kazi, isihesabiwe kuwa ni mazungumzo.

---

DadaNyali

Mzee Mwelekezi, shikamoo. Hayo ya bahashishi yachapishwe yabandikwe kila klabu.

Mimi nakuja na langu. Kwenye kundi letu la Mombasa tumekuwa tukialikwa kwenye safari hizi kwa maneno ya "njooni na ninyi mpunge upepo". Hatuji kupunga upepo. Mimi na wenzangu wawili tunacheza, tuna hendikapu (mikwaju ya nyongeza anayopewa mchezaji kwa kiwango chake; ikiwa ndogo ndiyo bora), na tunataka kuwekwa kwenye jozi kama watu wengine. Naomba ratiba ilizingatie hilo, hasa mechi ya Jumapili.

Jumamosi napendekeza twende Vipingo. Uwanja wa Malindi ni mzuri kwa mazoezi, uko karibu na bahari na hauna msongamano, lakini si wa mashimo 18 kamili, mtu anazunguka tena mashimo yale yale. Kama tunataka mzunguko mmoja mkubwa wa kujipima, uwanja wa Baobab kule Vipingo, kati ya Mtwapa na Kilifi, ndio wa kuuchezea. Ulichorwa na David Jones wa Ireland ya Kaskazini. Na kwetu wanawake una maana ya pekee, kwa sababu ndipo mashindano ya wanawake ya Kenya yaliyokuwa kwenye ratiba ya Ulaya yalipofanyika mara ya kwanza mwaka 2019. Esther Henseleit wa Ujerumani alishinda mwaka huo, Aditi Ashok wa India akashinda 2023, na 2024 akaja Shannon Tan wa Singapore. Nilisimama kando ya kamba nikawatazama wakicheza kwenye upepo ule ule tunaoulalamikia sisi. Wengi hawakupiga mpira mbali kuliko wanaume wa klabu zetu. Lakini mipira ya mita hamsini kuja chini! Kila mmoja ukitua pale alipoutazama. Kwa hivyo kwenye hoja ya mchezo mfupi niko na MwanaShella mia kwa mia.

---

MtuWaNgong

Nimesoma ya Mzee Mwelekezi mara mbili. Hilo la ulalo wa nyasi sijawahi kuelezwa na mtu, na nimecheza miaka. Nakubali jioni ya Ijumaa.

Lakini Jumamosi siachi mashimo 18, na Vipingo naiunga mkono. Swali: tutahesabu vipi? Kuna watu kwenye kundi wenye hendikapu ya 9 na kuna aliyeanza juzi. Mkihesabu mikwaju yote, huyo mgeni atakata tamaa shimo la tatu akianguka bunka.

---

MwanaShella

DadaNyali, jozi zitapangwa kwa hendikapu na si kwa jinsia, hilo nimeliandika kwenye orodha tayari. Kila mtu atatumia tii zake, yaani mahali pake pa kuanzia shimo, na hendikapu itafidia tofauti.

Vipingo nimekubali. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Malindi, kwa hivyo Jumamosi tutaondoka kukiwa bado giza. Nitakodi matatu moja tuwe pamoja, maana magari mengi yana tabia ya kupotezana pale Kilifi mtu akisimama kununua korosho.

Hesabu ya Jumamosi itakuwa Stableford. Kwa wasiojua: hapa hatujumlishi mikwaju, tunahesabu pointi kwa kila shimo baada ya kutoa hendikapu. Ukizidisha pa kwa mkwaju mmoja unapata pointi 1, ukilingana na pa pointi 2, ukipunguza mmoja pointi 3, ukipunguza miwili 4. Ukizidisha kwa miwili au zaidi, unapata sufuri, unaokota mpira wako na unakwenda shimo linalofuata na moyo mweupe. Mtindo huu una jina la Frank Stableford, daktari wa Uingereza, na klabu ya Wallasey iliucheza kwenye mashindano mwaka 1932. Alikuwa anacheza uwanja wa pwani wenye upepo mkali, na aliona watu wakiharibu siku nzima kwa sababu ya shimo moja bovu la mwanzo. Hali yetu ni hiyo hiyo, kwa hivyo dawa yake inatufaa.

Jumapili jozi zitacheza mpira mmoja kwa kupokezana: mmoja anapiga, mwenzake anapiga unaofuata, mpaka shimoni. Naupenda mtindo huu kuliko yote kwa safari ya marafiki. Mwenye hendikapu ya 9 anapopiga, anafikiria mwenzake mgeni atapiga kutoka wapi, kwa hivyo hamwachii mpira nyuma ya mti. Mgeni naye anasimama mahali ambapo peke yake asingefika, na anapiga mkwaju wa maana. Nimeona watu walioanza Ijumaa hawajuani vizuri wakimaliza Jumapili wakiitana ndugu. Ninaposema safari hizi ni muhimu kwangu, nazungumzia hilo pia. Tunaishi mbali mbali, tunazeeka, na watu wa kundi hili ndio waliokuja kusimama kaburini nilipomzika baba yangu. Sitaki wakutane mara moja kwa mwaka halafu kila mmoja awe anahangaika na karatasi yake ya alama.

---

Kipanga

Hamjambo wakubwa. Mimi ndiye huyo aliyeanza juzi. Nina maswali mawili. Nije na fimbo ngapi, na je, nahitaji hendikapu ndipo niruhusiwe kuingia Vipingo?

---

DadaNyali

Karibu Kipanga. Sheria inakuruhusu fimbo 14 kwa wingi, haijakulazimisha zifike 14. Wewe njoo na saba: dreva au fimbo moja ndefu unayoiamini, chuma namba 5, 7 na 9, weji mbili (fimbo za mikwaju mifupi), na fimbo ya kusukumia. Utabeba mzigo mwepesi na utajua kila moja inafanya nini.

Hendikapu, uliza klabu yako ikusajili. Mfumo wa dunia ulioanza 2020 unataka alama za mashimo 54 tu ndipo upewe hendikapu ya kwanza, na unaweza kuzikusanya hata kwa tisa tisa. Kiwango cha juu ni 54, kwa hivyo hakuna anayeachwa nje. Ukiendelea kucheza, hesabu inachukua alama zako 8 bora kati ya 20 za mwisho. Masharti ya kuingia kila uwanja yanatofautiana. Mwachie MwanaShella apige simu, ndiye mwenyeji wetu.

---

MwanaShella

Nitapiga, na majibu nitayaweka hapa.

Niongeze ya mwili, kwa sababu kila mwaka kuna mtu anaanguka kwa jua. Mtu wa bara anatoka jasho huku bila kujua, upepo unalikausha kabla hajalihisi. Kunyweni maji kabla ya kiu. Madafu yatakuwepo, nimeshaongea na kijana wa madafu. Kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu myepesi. Saa sita mpaka saa tisa hakuna fimbo itakayoshikwa siku ya Ijumaa, huo ni wakati wa kulala au wa bahari. Asubuhi tutakula mahamri na mbaazi za nazi, lakini kidogo, maana ukishiba mbaazi za Malindi hutageuza kiuno. Samaki wa kupaka na wali tutakula usiku, kwa nafasi. Na mifuko ifungwe zipu, kunguru wa Pwani hawachelewi kubeba mkate.

Fedha. Hapa makundi mengi huvunjika, kwa hivyo tutafanya hivi: chumba, uwanja, kedi, matatu na chakula ni mchango mmoja sawa kwa wote, unalipwa kwa M-Pesa kwa mweka hazina kabla ya safari. Vinywaji vya baa kila mtu juu yake. Wengine wetu hatunywi, na si haki mtu wa madafu amlipie mtu wa bia, wala si haki mtu wa bia akae na wasiwasi kwamba anahesabiwa chupa. Bahashishi ya makedi imo ndani ya mchango, kiwango kimoja, na Mzee Mwelekezi ndiye atakayewakabidhi, jioni kwa jioni.

---

Mkunguni

Salamu kutoka Lamu. Sisi huku hatuna uwanja wa gofu, tuna punda na mitumbwi, lakini nina binamu wawili wanaocheza Malindi na wanataka kujiunga. Pia kuna wenzenu wanaouliza kama wanaweza kuja Lamu baada ya Jumapili. Vipi tarehe, maana Ramadhani ya 2026 inaanza katikati ya Februari na hatutaki mtu afunge huku anatembea mashimo 18 juani.

---

MwanaShella

Binamu wako karibu sana, nitumie hendikapu zao faraghani.

Tarehe tumeiweka mwishoni mwa Januari kwa sababu hiyo hiyo, na kwa sababu nyingine mbili. Shule zimefunguliwa, kwa hivyo msongamano wa sikukuu umepungua na vyumba vinapatikana kwa bei ya kuzungumzika, ingawa wageni wa Italia bado wapo. Na masika hayajakaribia: Aprili huku uwanja unaloa, na baada ya hapo kusi inaanza na mchezo unabadilika kabisa, upepo unakuja kutoka upande mwingine na mashimo yaliyokuwa mepesi yanakuwa magumu. Anayetaka kuujua uwanja wa Pwani vizuri arudi Julai aone.

Wanaotaka Lamu waondoke Jumatatu asubuhi. Barabara inafika Mokowe, kutoka hapo ni boti. Fimbo ziacheni kwangu, nitazitunza mpaka mrudi.

---

Mwelekezi

MwanaShella, vijana wanane nimeshawapata, wote wanaujua uwanja na watatu kati yao wanacheza vizuri wenyewe. Wachezaji wengi wa kulipwa wa nchi hii walianza kwa kubeba mifuko, kwa hivyo msishangae kedi wako akikuonyesha mkwaju na ukaingia.

Ombi moja. Jumapili mkimaliza, kama hakuna mashindano ya klabu, waachieni vijana mipira yenu iliyochakaa na saa moja ya uwanja wa mazoezi. Wao nao msimu wao unaanza.

---

MtuWaNgong

Nakuja na mipira mfuko mzima, Mzee. Na fimbo zangu za zamani zimekaa stoo hazina kazi, nitazipakia kwenye treni nazo, kama kuna kijana wa kimo changu.

---

MwanaShella

Yupo. Mwelekezi atakuunganisha naye Ijumaa jioni.

Nimefunga orodha ya vyumba kwa waliothibitisha. Wa treni mkifika Miritini, kituo cha Mombasa, mtaikuta matatu inawasubiri, kwa hivyo nitumieni saa ya treni yenu leo usiku. Waliobaki na mchango, mwisho ni Jumatano, nikishalipa Vipingo siwezi kuongeza mtu.